Nyama ya Ayikoru Ilivyotoa Maji

Vijana wangu wa kikundi cha nguruwe pale Koboko, barua yenu nimeipata. Mmeandika vizuri, mmenisalimia vizuri, mmeniita mzee mheshimiwa, halafu mkauliza swali moja tu: je, ni kweli kwamba nguruwe akilishwa unga wa majani ya miti, nyama yake inatoa maji? Mnasema mmelisikia neno hilo sokoni, mkaambiwa aliyelisema ni mimi. Mnataka nilithibitishe kabla hamjapanda miche yenu ya mlonge, ule ambao wengi hapa mnauita moringa.

Aliyewaambia hakukosea. Neno ni langu. Lilitoka kwenye kinywa hiki, mchana, mbele ya watu. Jibu la swali lenu ni fupi, lakini sitalitoa hapa juu. Nikilitoa hapa mtakunja karatasi mwende zenu, na mimi nataka mnisome mpaka chini. Nimestaafu, nina muda, na nyinyi mmejitakia.

Nimechinja nguruwe hapa Arua zaidi ya miaka thelathini. Kazi nilijifunzia Kenya, nilikokwenda ujanani, na huko ndiko nilikopata hiki Kiswahili kirefu ambacho mke wangu anasema nakitumia kufichia mambo. Niliporudi nilijenga banda langu upande wa Ombaci, mbali kabisa na machinjio ya ng'ombe. Waislamu wetu wa mjini wana haki yao, na kisu cha nguruwe hakiazimwi. Nilikuwa na sakafu ya saruji, ndoano sita, pipa la kuchemshia maji, na zizi la kupumzishia wanyama. Wengine walikuwa na ndoano bila sakafu, au sakafu bila maji. Mwenye vyote alikuwa mimi peke yangu, na mjini nilitembea kifua mbele.

Ayikoru alikuja kwangu kutoka Adumi. Mjane, majike mawili ya nguruwe, na maswali! Jamani, yule mwanamke aliuliza. Kwa nini unamhasi dume angali mdogo? Ili nyama isinuke. Kwa nini unahesabu chuchu? Ili ujue jike litanyonyesha watoto wangapi. Nilimfundisha kupima uzito kwa kamba, unazungusha kifuani nyuma ya miguu ya mbele, kisha unapima urefu mgongoni. Nilimfundisha hata kuchinja, ingawa alikuwa anageuza uso. Aliniita Mwalimu. Nilipenda sana kuitwa hivyo. Mtu akikuita mwalimu unaanza kudhani atabaki mwanafunzi maisha yake yote.

Sasa niwaambie nguruwe wangu mimi walikula nini. Machicha ya kwete, kwa sababu kina mama wanaopika pombe ile walikuwa majirani zangu na machicha walikuwa wananipa bure. Maganda ya muhogo. Na mukene, wale dagaa wadogo, hasa wakishaanza kuoza na mwenye duka anataka waondoke. Nguruwe walinenepa upesi ajabu. Lakini mafuta yao yalikuwa laini, yanateleza kwenye kisu, na nyama ukiitia motoni jirani anauliza leo mnapika samaki? Nilikuwa nasema hiyo ndiyo ladha ya Arua. Watu walikuwa wananiamini, kwa sababu hawakuwa wameonja kingine.

Mteja wangu mkubwa alikuwa Mama Kiden wa hapo kwenu Koboko. Mnamjua, mmekula kwake. Alikuja na vita kutoka upande wa Yei, akaanza kuchoma nyama na karai moja, leo ana meza kumi na mbili. Kiden hapimi nyama kwa macho. Anakata kipande, anakitupa kwenye sufuria kavu, bila mafuta, bila chumvi, anainama na kunusa. Nyama mbaya haina pa kujificha mle ndani.

Siku moja nimefika na sanduku langu nyuma ya boda, hata kofia sijavua, Kiden akaniambia, "Mzee, hii ya wewe iko nanuka samaki. Mimi nataka ile ya mama ya Adumi."

"Mama gani wa Adumi?"

"Ayikoru. Nyama yake iko nyekundu nzuri, mafuta nyeupe, ngumu kidogo. Inakaa kwa ndoano mpaka jioni, haibadilishi rangi. Wateja nauliza yeye kila siku."

Nilicheka. Nilisema, aa, yule ni mwanafunzi wangu, mimi ndiye niliyemfundisha. Kiden akasema, "Basi wewe nafundisha yeye vizuri, lakini wewe mwenyewe nasahau." Watu waliokuwa wanakula wakacheka pia. Njia nzima ya kurudi Arua donge lilinikaa.

Nataka mlielewe donge lile, maana hii barua ni yake. Haikuwa njaa, maana nilikuwa na wateja wengine. Ilikuwa ni kusikia jina lake likitajwa mahali nilipozoea kusikia langu. Nilikuwa nikilala naliona lile neno, nyekundu nzuri. Nilimwonea wivu Ayikoru kama ambavyo sijawahi kumwonea mtu, na alikuwa hajanikosea kitu.

Nikaenda Adumi. Nilijidai napita tu kusalimia. Sikuingia mlangoni, nilizunguka nyuma ya ua na kuchungulia, mzee mzima na mvi zangu. Nikaona mikeka imetandazwa chini ya paa, majani yameanikwa juu yake. Majani madogo madogo, mengi kwenye kijiti kimoja. Pembeni kinu, chekecheke, na gunia la unga wa kijani. Ahaa! Nikasema siri nimeipata. Ningeweza kubisha hodi na kumwuliza. Mimi nimwulize Ayikoru? Ng'o!

Kwangu kulikuwa na ua wa miti ya lusina. Nayo ina majani madogo madogo, mengi kwenye kijiti kimoja. Nikakata, nikaanika juu ya mabati kwenye jua kali, nikatwanga, nikawapa nguruwe nusu ndoo nzima kila mlo. Nilisema, kama yeye anatia kidogo, mimi nitatia nyingi, tuone nani ni mwalimu.

Wiki ya tatu nikaona manyoya kwenye ukuta wa zizi. Nikadhani ni chawa, nikawapaka mafuta machafu ya gari. Wiki ya tano nguruwe wangu walikuwa wanatembea uchi. Uchi kabisa! Wekundu, wamekonda, masikio yanang'aa. Jike lenye mimba likatupa watoto. Na mnajua mchinjaji wa nguruwe humwaga maji ya moto baada ya kuchinja ili akwangue manyoya. Basi watu wakawa wanasimama kwenye ua wangu na kuniuliza, "Mzee, hii nguruwe nani nachemsha yeye angali muzima?" Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka, na hata leo sicheki sana.

Habari ikafika Adumi. Ayikoru akaja. Hakucheka, na bora angecheka. Aliokota jani moja kwenye hori, akalipapasa, akasema, "Mwalimu, hii si moringa. Hii ni lusina. Ya mbuzi na ng'ombe haina shida, lakini nguruwe ukimpa mingi inanyoa yeye."

Nikasema nilikuwa nafanya majaribio.

"Ndiyo, Mwalimu," akasema. Halafu akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akanieleza kila kitu, bila kuficha hata chembe. Chuma majani ya mlonge yaliyokomaa, si machipukizi. Yaanike kivulini, yageuze kila siku, mpaka ukilifinya jani livunjike na bado liwe kijani. Likiwa la kahawia, jua limekula faida yake. Twanga, chekecha, vijiti tupa, kwa sababu tumbo la nguruwe si la ng'ombe, halijui kuvunja nyuzi. Kopo moja la unga kwa makopo kumi na tano au ishirini ya pumba na mashudu. Ukizidisha, mnyama anashiba majani na hanenepi. Na mukene acha kabisa mwezi mzima kabla ya kuchinja, hata kama nguruwe analia.

Alipomaliza akaniuliza, "Lakini Mwalimu, kwa nini hukuniuliza? Mimi ningekwambia siku ile ile."

Nilimshukuru kwa mdomo, na moyoni nikamchukia zaidi. Kuna watu wanaoweza kufundishwa na mwanafunzi wao wakafurahi. Nawasikia wakisifiwa kanisani. Mimi si mmoja wao.

Nilifuata alichosema, na nguruwe wangu wakaota manyoya, nyama ikaanza kuwa ya maana. Ya wastani, lakini ya maana. Ya kwake ikazidi kupendwa. Ndipo Kiden akatuita wote wawili. Alisema wateja wamechoka, leo nyama ina ladha hii, kesho ile. Anataka kuchukua kwa mtu mmoja tu. "Jumamosi nyinyi wawili leta nyama. Mimi naweka sufuria mbele ya watu. Nyama nzuri, huyo ndiye mutu yangu kila wiki."

Kwa Ayikoru lile lilikuwa jambo la maisha. Majike yalikuwa yamefika saba, alikuwa anataka kuacha kibanda cha nyasi na kujenga nyumba ya matofali, na jirani zake sita pale Adumi walikuwa wameanza kukausha majani kwa kumwiga. Kwangu lilikuwa jambo la jina tu. Mnaona tofauti, nami niliiona hata siku ile.

Alimleta nguruwe wake kwangu Ijumaa mchana. Angempeleka wapi kwingine? Sakafu ilikuwa yangu. Alikuwa dume lililohasiwa, mgongo mrefu, baka jeusi begani, manyoya yamelala vizuri. Nilipima kwa kamba, nikapima tena. Katika miaka yote ya kazi sijafuga nguruwe kama yule. Ayikoru alimkuna shingoni, akasema, "Mwalimu, wewe najua mimi siwezi kumwona akichinjwa. Nakuachia wewe." Akarudi Adumi.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo pana kazi. Nguruwe anayekwenda kuchinjwa anataka utulivu. Apumzike usiku mzima mahali peke yake, apate maji, asikie sauti anayoizoea. Asubuhi umwongoze polepole kwa ubao ubavuni, bila fimbo. Akikimbizwa, akipigwa, akipigana na mwenziwe asiyemjua, halafu ukamchinja hapo hapo, joto lake la hasira linabaki ndani na kuipika nyama kabla hujaitia motoni. Inapauka, inalegea, na maji yote yanatoka. Unaweza kumlisha mnyama vizuri miezi sita, ukamharibu kwa robo saa. Haya nilijifunza Kenya, kwa kupigwa kofi na mkubwa wangu.

Alfajiri ile nilimtia dume langu la mbegu ndani ya zizi la nguruwe wa Ayikoru. Wakapigana. Nikawaacha wapigane. Kisha nikamtoa yule wa Ayikoru, nikachukua fimbo, nikamzungusha kwenye sakafu, mara kumi, mara kumi na tano, mpaka akawa anahema kwa mdomo wazi na miguu ya nyuma inatetemeka. Hapo ndipo nikamchinja. Na baada ya kumkwangua sikumtundika, nilimwacha amelala kwenye joto lake. Wa kwangu wa kuchinja alikuwa kando, amelala, hajui kitu. Yeye nilimchinja kwa upole kama ipasavyo.

Msidhani nilikuwa nimelewa au nimekasirika. Nilikuwa mtulivu. Mikono yangu ilijua inachofanya, na mimi nilijua.

Koboko watu walikuwa wengi, siku ya soko. Kiden aliweka masufuria mawili makavu. Yangu ikatoa mafuta kidogo, ikaanza kuimba, ikawa kahawia. Ya Ayikoru ikatoa maji. Maji, jamani! Kipande kinaelea, cheupe, kimejikunja. Kiden akakoroga, akamwaga, akatia kipande kingine. Maji tena.

"Hii nyama iko nalia," Kiden akasema. Watu wakacheka. Ayikoru alikuwa anatazama ndani ya sufuria. Kiden akanigeukia. "Mzee, wewe iko mutu ya kazi. Hii maji natoka wapi?"

Nikavaa uso wa daktari. Nikasema, "Ni yale majani ya miti. Mnyama akila majani, nyama yake inashika maji ya majani."

Ndilo neno hilo mliloletewa. Lilisikika lina akili, ndiyo maana lilikimbia. Kabla ya Jumapili lilikuwa limefika Arua, na wiki iliyofuata lilikuwa Adumi limekaa kitako. Wale jirani sita wakaacha. Wengine waliikata milonge yao wakafanya kuni. Ayikoru akakosa wanunuzi, nikasikia ameuza majike yake moja moja, amerudi kwenye muhogo. Nyumba ya matofali ilifika madirishani ikasimama.

Na mimi? Nilifurahi. Nisiwadanganye, nilifurahi miezi mingi. Kila Jumamosi nilipeleka nyama Koboko na Kiden akanikaribisha kwa jina. Tena nyama yangu ikazidi kuwa nzuri, kwa sababu nilikuwa nawalisha nguruwe wangu unga wa mlonge, kopo moja kwa kumi na tano, nimeuficha katikati ya gunia la pumba. Mtu akiuliza ule ukijani ni nini, nasema ni dawa ya minyoo. Ndiyo hivyo. Nilimnyang'anya jina, na kazi yake nikaivaa.

Lakini wivu haukuisha, na hilo ndilo sikulitegemea. Nilidhani akianguka nitapumzika. Badala yake, kila sufuria ya Kiden ilipotulia bila maji, nilijua ninasifiwa kwa majani ya Ayikoru. Nilikuwa na wateja wake na bado nikamwonea gere. Miaka sita nilikula hivyo, mpaka magoti yalipokataa nikastaafu.

Halafu ikaja barua yenu. Niliisoma mara mbili, nikamwita mke wangu, nikamwambia yote. Hakucheka safari hii. Alisema, "Vaa viatu uende Adumi." Nikavaa.

Ayikoru alikuwa anamenya muhogo mbele ya nyumba isiyoisha. Aliniletea kiti, akaniletea maji, akaniita Mwalimu. Nikamwambia asiniite hivyo mpaka nimalize. Nikamwambia juu ya dume, juu ya fimbo, mara kumi na tano, yote. Aliendelea kumenya. Nilipomaliza akaweka kisu chini.

"Mimi najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Najua tangu ile sufuria. Nyama nyeupe, laini, inatoa maji, hiyo ni nguruwe ya kukimbizwa. Nani nafundisha mimi hiyo? Si wewe?"

Nilikaa pale kama nimemwagiwa maji baridi. Kumbe miaka sita alikuwa anajua. Nikamwuliza kwa nini hakusema pale pale, mbele ya watu.

"Nani angesikia mimi? Wewe iko Mwalimu. Mimi iko mwanamke ya Adumi na majani." Akaokota kisu tena. "Na tena nilikuwa nakungoja. Nilisema, huyu atakuja mwaka huu. Halafu mwaka huu. Halafu nikachoka kungoja, lakini bado nilikuwa nakuita Mwalimu, labda utaona haya."

Niliona haya, hapo mwishoni. Nikamwambia nitampa jike langu la mwisho, lile lenye mimba. Alikataa kwa kichwa. "Nguruwe mimi iko nayo." Akanipeleka nyuma. Majike matatu, vitoto vimelala juu ya nyasi safi, na paani mikeka ya majani, kijani kabisa. Hakuwahi kuacha. Alikuwa anauzia Congo, upande wa Ariwara, ambako neno langu halikufika. Na mnajua nilihisi nini, mzee mwenye magoti mabovu niliyekwenda kuomba radhi? Nilitazama migongo ya nguruwe wale na donge likapanda.

"Nguruwe yako sitaki," akasema. "Wewe nenda Koboko. Pale pale, kwa Kiden, mchana, watu wakiwa wengi. Sema."

Nimesema, Jumamosi iliyopita. Ayikoru alikuja na nyama yake, amechinja mwenyewe. Siku hizi hageuzi uso. Kiden akaweka sufuria kavu, nyama ikaimba, haikutoa tone. Nikasimama kati ya meza nikasema ilivyokuwa. Kiden alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Mzee, mimi nalisha watu neno yako miaka sita. Wewe iko mutu mubaya." Alikuwa anasema kweli. Kisha akamgeukia Ayikoru, akamshika mikono yote miwili, na watu wakaanza kumpigia makofi. Wakapiga kweli kweli. Na mimi nimesimama pale, nimetoka tu kutubu, machozi hayajakauka, nikawa nawaza: miaka thelathini nimewalisha watu hawa, hawajawahi kunipigia makofi hata siku moja.

Kwa hiyo jibu lenu ni hapana. Majani hayakuitia maji nyama ile. Niliitia mimi. Pandeni milonge yenu, anikeni kivulini, kopo moja kwa kumi na tano au ishirini, lusina waachieni mbuzi, na mukene msimpe nguruwe mwezi wake wa mwisho. Kwa mengine nendeni Adumi kwa Ayikoru. Anajua kuliko mimi. Sentensi hiyo imenichukua siku mbili kuiandika.

Jambo la mwisho. Nilipotoka kwa Kiden nilipita kwenu. Sikuingia, nilisimama barabarani nikatazama zizi lenu kupitia kwenye uzio. Nguruwe wenu ni wazuri. Ni wazuri kuliko wangu nilipokuwa na umri wenu, na nyinyi hata hamjui. Krismasi inakuja, na bado watu huniita kuchinja pale mikono mingine inapokosekana. Mkiniita nitakuja, na visu vyangu vitakuwa vikali. Lakini msiniachie mnyama. Simameni nami tangu anapotoka zizini mpaka anapotundikwa, na hata nikiwaambia nendeni mkanywe chai, msiende.